Mwani katika tangi jipya la samaki: Kinachotakiwa ni subira, si dawa

WATU wengi wanaoanzisha tangi la samaki wa mapambo wa maji ya chumvi hukumbana na jambo moja ambalo ni vigumu kuliepuka. Wiki mbili au tatu baada ya tangi kujazwa maji, mchanga uliokuwa mweupe hugeuka kuwa wa kahawia, kioo hupata utando wa kijani, na mawe huanza kuota nyuzi zinazofanana na nywele.

Hapo ndipo uamuzi wa haraka hufanyika. Wapo wanaomwaga maji yote na kuanza upya. Wapo wanaokimbilia dukani kununua dawa ya kuua mwani. Wengine hukata tamaa na kuuza tangi pamoja na vifaa vyake kwa bei ya hasara. Mara nyingi wanaolipa gharama ya uamuzi huo ni samaki waliomo ndani.

Hata hivyo, mwani katika tangi jipya si ugonjwa, wala si lazima uwe dalili ya uzembe. Ni hatua katika ukuaji wa tangi lenyewe. Shamba lililofyekwa na kuachwa wazi huota magugu kabla ya mazao kushika, na tangi nalo huanza hivyo hivyo. Kinachoamua kama hatua hiyo itapita au itageuka kuwa balaa ni mwenye tangi kufahamu mwani unakula nini, kisha kuwa tayari kusubiri.

Suala hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi huzalishwa mabwawani, lakini sehemu kubwa ya wale wa baharini huvuliwa moja kwa moja katika miamba ya matumbawe. Ripoti iliyotolewa mwaka 2003 na kituo cha uhifadhi cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP-WCMC, ilikadiria kuwa samaki kati ya milioni 20 na milioni 24 wa aina 1,471 walikuwa wakiuzwa duniani kila mwaka kwa ajili ya matangi. Miongoni mwa nchi wanakotoka ni Indonesia, Ufilipino, Sri Lanka na Kenya.

Kwa sababu hiyo, samaki anayekufa katika tangi jipya ni samaki aliyepungua baharini, na anayenunuliwa kuziba nafasi yake ni wa pili kupungua.

Mwani wa aina gani?

Kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki, neno mwani huleta picha ya zao linalofungwa kwenye kamba katika maji ya kina kifupi, kama linavyolimwa katika vijiji vya Paje na Jambiani huko Zanzibar, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989. Lakini jamii ya mwani ni pana mno. Ndani yake imo mimea ya bahari yenye urefu wa mita nyingi, na vimo pia viumbe vya seli moja visivyoonekana bila hadubini.

Hao wadogo ndio wanaotawala tangi jipya. Hakuna njia ya kuwazuia wasiingie. Huja juu ya mawe, ndani ya mchanga, katika gamba la konokono na hata katika tone la maji lililomo kwenye mfuko wa samaki. Kwa hiyo swali la msingi kwa mfugaji si namna ya kuuzuia mwani kuingia, bali ni kitu gani kinaufanya ustawi.

Kama mimea ya nchi kavu, mwani huhitaji mwanga, kaboni na virutubisho, hasa naitrojeni na fosforasi. Mwaka 1934 mwanasayansi wa Marekani, Alfred Redfield, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa virutubisho hivyo hupatikana katika viumbe wadogo wanaoelea baharini kwa uwiano unaokaribia kufanana kila mahali. Uwiano huo, unaojulikana leo kwa jina lake, ni chembe 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni na moja ya fosforasi.

Maana yake kwa mwenye tangi ni nyepesi. Kaboni ipo tele majini na hewani, na haiwezi kuzuiwa. Mwanga unahitajika ili samaki waonekane na matumbawe yaishi. Vilivyobaki mikononi mwake ni naitrojeni na fosforasi, na vyote viwili huingia hasa kwa njia ya chakula anachowapa samaki.

Kwa nini tangi jipya?

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia katika mashavu yake. Mabaki ya chakula na kinyesi yakioza hutoa amonia pia. Baharini uchafu huo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Katika tangi la lita 200 hauna pa kwenda.

Amonia ni sumu, na ukali wake huongezeka kadiri maji yanavyokuwa na joto na alkali zaidi. Maji ya bahari huwa na kipimo cha pH cha takriban 8.0 hadi 8.3, juu ya maji baridi mengi. Ndiyo sababu kosa ambalo samaki wa maji baridi angelivumilia linaweza kumwua yule wa baharini.

Wanaookoa hali hiyo ni bakteria. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alionyesha kuwa wapo bakteria wanaoishi kwa kuibadili amonia. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo zaidi. Bakteria hao hujishikiza kwenye mawe, mchanga na kichujio, na huzaliana polepole. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi nane kufikia idadi inayotosha.

Mfugaji akipima maji katika kipindi hicho huona amonia ikipanda kwanza, kisha ikashuka huku nitriti ikipanda, na mwisho nitriti nayo ikashuka huku nitrati ikianza kujikusanya. Hapo wengi husherehekea kwamba tangi limeiva. Kumbe limefika nusu ya safari.

Nitrati ni mbolea. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa aina nyingine wanaoishi ndani kabisa ya mawe na chini ya mchanga, mahali pasipo na oksijeni, huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka na kupotea hewani. Bakteria hao huchukua miezi kuenea. Tangi jipya basi huwa kama mji wenye kiwanda kinachozalisha takataka kila siku, lakini gari la kuzizoa halijafika.

Mambo mengine huongeza tatizo. Mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe juu yake hupoteza baadhi yao njiani, na mizoga hiyo huozea ndani ya tangi. Mawe makavu nayo yanaweza kuachia fosfati iliyojificha ndani yake. Maji ya bomba mara nyingi huwa na nitrati, fosfati na silika. Na kila sehemu ndani ya tangi, kuanzia kioo hadi punje ya mchanga, ni kiwanja kitupu ambacho wa kwanza kufika hukimiliki.

Rangi na maana zake

Kwa kawaida wa kwanza kufika ni daiatomu, viumbe vya seli moja vinavyojenga maganda yao kwa silika. Huonekana kama vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo, na hufutika kwa urahisi. Silika inayotoka katika maji ya bomba na mchanga mpya ikishatumika, kundi hili hupungua lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache. Mfugaji anayeuona utando huo hana sababu ya kununua chochote.

Baada yake huja mwani wa kijani. Ule unaopaka kioo si tatizo, hukwanguliwa. Unaosumbua ni ule wa nyuzi ndefu unaoshika mawe, kwani unaweza kuyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Huu hustawi palipo na nitrati na fosfati nyingi.

Tofauti na hiyo ni ngozi nyekundu au ya zambarau, yenye utelezi na vipovu vya hewa, inayobanduka vipande vipande kama karatasi iliyolowa. Hiyo si mwani hasa, bali ni sayanobakteria, miongoni mwa viumbe wa kale kabisa duniani, ambao walianza kutoa oksijeni zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Baadhi yao wanaweza kujitengenezea mbolea kwa kutumia gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka majini. Kwa hiyo hustawi hata pale nitrati inapokuwa chini, mradi fosfati ipo na maji hayazunguki vizuri.

Aina inayowasumbua zaidi wafugaji ni dinoflajelata. Hawa huonekana kama makamasi ya kahawia yenye nyuzi na vipovu, hupungua usiku na kurudi mchana. Baadhi yao wana sumu, na konokono wanaowala huweza kufa. Mara nyingi hujitokeza katika matangi yaliyoanzishwa kwa mawe makavu, hasa pale mwenye tangi alipojitahidi kuondoa nitrati na fosfati hadi kipimo kikasoma sifuri. Washindani wao hufa njaa, nao hubaki peke yao uwanjani.

Hilo ni funzo muhimu. Maji yasiyo na virutubisho kabisa si lengo la kukimbilia. Matumbawe nayo huyahitaji kwa kiasi kidogo, kwa kuwa ndani ya miili yake wanaishi mwani wadogo wanaoyatengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga.

Mara chache maji yenyewe hugeuka kijani kama supu ya mboga. Hao ni mwani wanaoelea, na ni nadra kumdhuru samaki moja kwa moja, isipokuwa wanapokufa wote kwa pamoja.

Kipimo kinachodanganya

Jambo linalowachanganya wengi ni kupima maji ya tangi lililojaa nyuzi za kijani na kukuta nitrati na fosfati ziko karibu na sifuri. Wengine huhitimisha kuwa kipimo ni kibovu, au kwamba mwani huo unaishi bila chakula.

Maelezo yake ni mepesi. Kipimo husoma kilichobaki majini tu, na hakisomi kilichokwisha kuliwa. Virutubisho havijatoweka, vimehamia ndani ya mwani wenyewe. Ukiachwa ufe humo humo, utaoza na kuvirudisha vyote majini. Ukitolewa kwa mkono na kutupwa nje, umevibeba na kuondoka navyo.

Kwa mantiki hiyo, kung'oa mwani kwa mkono, kazi inayodharauliwa na wengi, ni mojawapo ya njia bora za kusafisha maji. Wapo wanaoitumia kanuni hiyo kwa makusudi. Mtafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, Walter Adey, alibuni mfumo ambamo mwani huoteshwa juu ya wavu wenye mwanga mkali na maji yanayotiririka, kisha huvunwa mara kwa mara. Mwani ukiota kwenye wavu, chakula cha ule wa kwenye mawe hupungua.

Hatari ya haraka

Dawa za kuua mwani zina mvuto kwa sababu matokeo yake huonekana upesi. Lakini mwani unapokufa kwa mkupuo hugeuka kuwa mzigo wa uozo. Bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni nyingi, na amonia hupanda tena katika tangi ambalo bakteria wake bado ni wachache. Samaki wanaweza kukutwa wamekufa asubuhi, na lawama zikaelekezwa kwa muuzaji.

Baadhi ya dawa hizo zina madini ya shaba. Shaba huua mwani, lakini huua pia konokono, kamba na matumbawe, na inaweza kunaswa na mawe na mchanga kisha ikaachiwa kidogo kidogo baadaye. Dawa za kuua bakteria zinazotumiwa dhidi ya sayanobakteria nazo zinaweza kuwadhuru wale bakteria wanaosafisha maji.

Kumwaga maji yote na kuosha mawe na mchanga kwa maji ya bomba nako ni kujirudisha mwanzo. Klorini huua bakteria waliokwisha kujijenga, na saa ya wiki nne hadi nane huanza kuhesabiwa upya. Tofauti ni kwamba safari hii samaki wamo ndani.

Kuzima taa kwa siku tatu ni njia nyingine inayosifiwa. Hupunguza baadhi ya mwani, lakini isipoambatana na kuondoa virutubisho, mwani hurudi taa zinapowashwa.

Somo kutoka baharini

Kanuni zinazotawala tangi ndizo zinazotawala miamba ya matumbawe, na bahari imekwisha kutoa mifano miwili mikubwa.

Wa kwanza ni Ghuba ya Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Kwa miaka mingi majitaka ya makazi yalimwagwa ndani ya ghuba hiyo, na mwani wa kijani ukayafunika matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 mabomba ya majitaka yaliondolewa ghubani na kuelekezwa bahari kuu. Katika miaka iliyofuata mwani ulipungua sana, ingawa katika baadhi ya maeneo ulikawia kuondoka. Hakuna dawa iliyomwagwa. Kilichofanyika ni kukata chakula na kuipa bahari muda.

Mfano wa pili unatoka Bahari ya Karibi. Huko miamba ilikuwa ikilishwa na kiumbe wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, ambaye jamaa zake wanafahamika vizuri na yeyote aliyewahi kuwakanyaga katika fukwe za Afrika Mashariki. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua zaidi ya asilimia 90 ya viumbe hao. Nchini Jamaica, ambako samaki wanaokula mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi na vimbunga vilikuwa vimeivunja miamba, hapakubaki mlaji. Matumbawe yaliyokuwa yamefunika takriban asilimia 52 ya miamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalibaki asilimia 3 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nafasi yake ikachukuliwa na mwani.

Kwa pamoja mifano hiyo inaonyesha kuwa mwani hudhibitiwa kwa njia mbili zinazokwenda sambamba: kupunguza chakula chake, na kuwa na viumbe wa kuula.

Wazo hilo lilianza zamani. Mwaka 1850 mkemia wa Uingereza, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweza kuwatunza samaki, mimea na konokono katika chombo kimoja, konokono wakila majani yaliyooza na utando uliokuwa ukiyachafua maji. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la matangi ya samaki kwa ajili ya wananchi.

Kinachofanya kazi

Hatua ya kwanza ni chakula. Samaki wapewe kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika mbili hivi, na chakula kilichogandishwa kisuuzwe kwanza ili kuondoa maji yake yenye fosfati. Samaki wenyewe waongezwe mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, ili bakteria wapate nafasi ya kuongezeka pamoja nao. Kujaza tangi kwa siku moja ni chanzo kikuu cha vifo na cha mwani pia.

Hatua ya pili ni maji. Maji yanayofaa kuchanganyia chumvi maalumu ya baharini ni yale yaliyopitishwa katika mtambo wa kuchuja wenye utando unaozuia madini. Maji yanayopungua kwa kukauka yafidiwe kwa maji hayo hayo yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipotei na mvuke. Wanaoishi pwani na kupenda kuchota maji ya bahari wanapaswa kuepuka bandari, midomo ya mito na maeneo yanayopokea majitaka, la sivyo watakuwa wamebeba mbolea kwenye ndoo.

Kubadili maji kidogo kidogo kuna faida kuliko kubadili yote. Tangi lenye miligramu 50 za nitrati kwa lita likibadilishwa asilimia 20 ya maji yake kwa maji safi kabisa hushuka hadi miligramu 40. Maji mapya yakiwa na miligramu 10, hushuka hadi 42 tu. Ndiyo sababu ubora wa maji yanayoingia una uzito sawa na wingi wake.

Hatua ya tatu ni mwanga na mzunguko. Taa ziwashwe saa sita hadi nane kwa siku, kwa ratiba isiyobadilika, na tangi lisiwekwe mbele ya dirisha linalopigwa na jua. Katika miji ya joto, jua hilo hulisha mwani na papo hapo kuyachemsha maji. Pampu zielekezwe ili pasiwe na kona ambamo uchafu hutulia. Mtambo wa povu, unaopuliza vipovu vya hewa ili vibebe uchafu kabla haujaoza, ni msaada mkubwa.

Hatua ya nne ni walaji. Konokono wa baharini na kaa wadogo wanaoishi katika makombe matupu hula utando na mabaki, lakini waletwe baada ya mwani kuonekana na kwa idadi ndogo, vinginevyo watakufa njaa na kuoza. Samaki kama tasi na kangaja ni walaji hodari wa mwani, ila hukua na huhitaji nafasi kubwa ya kuogelea. Kumtia kangaja katika tangi dogo ili afanye usafi ni kumwadhibu.

Mwisho ni kuandika. Daftari lenye tarehe, vipimo vya maji, na maelezo ya rangi na mahali mwani ulipo humsaidia mfugaji kuona mwelekeo. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Vya wiki sita husimulia hadithi nzima.

Usimwage baharini

Anayeshindwa kabisa na tangi lake ana wajibu mmoja wa mwisho: asiumwage mwani, mawe wala samaki baharini au katika mfereji unaoelekea huko.

Mwaka 1984 kipande cha mwani wa kijani uitwao Caulerpa taxifolia, chenye ukubwa wa karibu mita moja ya mraba, kilionekana chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Aina hiyo ilikuwa ikitumiwa kupamba matangi, na ilikuwa imezoea maji yenye baridi kuliko ndugu zake wa bahari za joto. Ilienea katika pwani za Ufaransa, Italia, Hispania, Kroatia na Tunisia, na hakuna aliyefanikiwa kuirudisha nyuma kwa kuing'oa.

Mwani huo huo uligunduliwa mwaka 2000 katika wangwa wa Agua Hedionda, jimbo la California, Marekani. Mamlaka zilichukua hatua mara moja kwa kuufunika kwa maturubai na kutia klorini chini yake. Mwaka 2006 ilitangazwa kuwa umetokomezwa, kwa gharama iliyozidi dola milioni 7 za Marekani. Mwani unaotolewa katika tangi ukaushwe juani na kutupwa pamoja na taka za nyumbani.

Kwa anayevumilia, mabadiliko huja taratibu. Kahawia huondoka, nyuzi za kijani hupungua kila zinapong'olewa, na kati ya mwezi wa sita na mwaka mmoja mawe huanza kupata madoa magumu ya waridi na zambarau. Wafugaji wenye uzoefu huyafurahia madoa hayo kwa kuwa ni ishara kuwa tangi limetulia. Nayo pia ni mwani, wa aina inayojenga ukoko wa chokaa juu ya jiwe na kuwaachia nafasi finyu wale wa nyuzi.

Tangi lililokomaa halikosi mwani. Linao ule uliopata washindani, walaji na mipaka, na hakuna chupa ya dawa inayoweza kuyaleta hayo ndani ya wiki moja.